Vikopo Arobaini na Viwili

Wiki mbili baada ya kurudisha funguo za maabara, vijana watatu wa pale hospitali walikuja nyumbani kwangu Rasbura na daftari jipya la mistari. Walisema, "Mzee, tuandikie ya kazini tuyasome." Nikawauliza kwa nini hawakuniuliza tulipokuwa tumekaa meza moja. Wakacheka. Vijana wa siku hizi kucheka ndiyo jibu la kila kitu. Daftari nililipokea kwa sababu mke wangu alikwisha waandalia chai, na watu mkishakunywa chai pamoja ni vigumu kumkatalia mtu.

Basi naandika. Nimechoka, nasema mapema, asije mtu akalalamika mbele ya safari. Jicho langu la kulia, lililoinama juu ya hadubini kwa muda wa karibu miaka thelathini, sasa linatoa machozi hata kwa gazeti, na shingo haigeuki mpaka mwili mzima ugeuke nayo. Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu. Waliopandishwa wanajijua, na waliorukwa wanajijua zaidi.

Siku ya kwanza nilivaa kanzu ya Idi. Nilidhani nimeajiriwa kutazama kwenye hadubini. Nikapewa ndoo, sabuni ya mche, na vioo vya kupimia vilivyoganda damu za watu, nikaambiwa nioshe. Nikaosha miezi sita. Aliyenipa ndoo alikuwa Mzee Bonifasi, Mmatumbi wa Kipatimu, aliyelelewa na mapadri kule milimani na kufundishwa kazi na Wajerumani kabla ya vita vyao vikubwa. Daktari wetu alikuwa Mwingereza, lakini maabara ilikuwa ya Mzee Bonifasi, na Daktari alilijua hilo. Alikuwa anabisha hodi.

Mzee Bonifasi hakuwa mtu wa maneno. Kila asubuhi nilimwambia, "Shikamoo, Mzee," naye akajibu, "Marahaba. Umeosha?" Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya nusu mwaka. Akikuta alama ya kidole kwenye kioo kimoja, alirudisha sanduku zima. Nilimchukia, Mungu anisamehe. Sasa hivi nikiona kijana anashika kioo katikati badala ya pembeni, mkono wangu unawasha.

Mwezi wa saba akaniita nikae. Alikuwa ametayarisha vioo vitatu. Cha kwanza kilikuwa na tone la maji. Nikainama, nikaona dunia inatembea: viduara vyenye manyoya, vijiti vinavyojipinda, kitu kama kiatu kikipita mbio kikijigonga kwa wenzake. Nikauliza maji ya wapi. Akasema, "Birika la msikiti wenu. Nilimwomba mwadhini, akanipa."

"Mzee! Nimetia udhu na maji haya alfajiri."

"Ndiyo. Na hukufa."

Kioo cha pili kilikuwa udongo wa shamba lake Kipatimu, alioukoroga kwenye maji. Cha tatu alinikwangua ukoga wa meno yangu mwenyewe kwa kijiti. Sikula siku ile. Mdomoni mwangu kulikuwa na watu wengi kuliko soko la Lindi. Mzee akanipa penseli na daftari akasema nichore kila ninachokiona, kila umbo, hata lisilo na jina, kwa sababu lisilo na jina leo huenda kesho likawa la mgonjwa. Aliniambia kwamba wengi wa hao hawana habari na sisi. Wanakaa zao. Kazi yetu ni kuwajua wakazi wa kila mahali, ili akiingia mgeni mbaya tumtambue.

Fundisho lake la mwisho ndilo lililokuja kunihukumu, kwa hiyo naliandika taratibu. Alinituma nilete choo changu na cha ndugu yangu. Mimi na ndugu yangu tumekula sinia moja tangu tuachishwe ziwa, tumelala kitanda kimoja, tumekunywa kisima kimoja. Mzee akaniambia nichore kurasa mbili. Ndugu yangu alikuwa na mayai ya mnyoo wa safura na ya mnyoo wa mjeledi, mimi nilikuwa na kijidudu chenye mikia ambacho yeye hana, na wa safura sikuwa naye kabisa. Mzee akaweka kurasa mbili sambamba. "Umeona? Hakuna matumbo mawili yanayofanana. Usisahau." Nikasema sitasahau. Nilisahau.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache, na nyinyi mnaowasha taa ya umeme msitucheke. Hadubini ilikuwa ya shaba, na chini yake kioo cha kunasa jua. Kwa hiyo tulifanya kazi kati ya saa tatu na saa tisa, wingu likipita unakaa unasubiri. Kwa mayai ya minyoo tulitumia maji ya chumvi. Mnatia chumvi ya madukani, ile ile ya mchuzi, mpaka ikatae kuyeyuka, mnakoroga choo humo, mnaacha kidogo, mayai yanaelea juu, mnayagusa kwa kioo, na yale mazito yasiyoelea mnayatafuta kwenye mashapo. Mpishi wa hospitali alituhesabia chumvi yake kwa macho kila tulipopita.

Mwaka wangu wa nne, Daktari alitaka kujua safura imeenea kiasi gani huko ndani. Mzee Bonifasi mguu ulikuwa umemvimba, hakuweza kutembea. Nikatumwa mimi. Peke yangu! Nilibeba hadubini ndani ya sanduku lake la mbao, nikaifunga kamba kwa mikono yangu, na wapagazi nikawakataza wasiiguse. Kwa lori mpaka barabara ilipokufa, kisha kwa miguu mpaka Likawage, kisha siku nzima mbele ya Likawage, kwenye kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu wana wao wapo hai na hawana kosa.

Jumbe wao aliitwa Mpili, mtu mzima, mpole, mwenye kofia iliyoshonwa upya mara nyingi. Alinipokea vizuri, akanipa baraza yake nifanyie kazi. Nikamweleza shida yangu mbele ya wazee.

"Bwana," akasema Jumbe, "unataka tukupe nini?"

"Choo, Jumbe. Kidogo tu, kiasi cha punje ya hindi. Mnatia kwenye kikopo."

"Cha kila mtu?"

"Kila mtu mzima. Waume kwa wake."

"Na hivyo vikopo vitakaa wapi?"

"Kapu moja. Nitavibeba pamoja."

"Kapu moja," akasema. Akawatazama wazee. "Wote, kapu moja?"

Nikasema ndiyo. Nilidhani anawaza uzito. Akaniomba nimpe mpaka kesho, nami nikazunguka naye nyumba kwa nyumba nikiandika majina. Walitimia watu arobaini na wawili. Nikapaka namba kwa rangi nyekundu kwenye vikopo arobaini na viwili vya bati, kila kikopo nikampa mwenyewe mkononi, nikalala nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Kwa wale ambao hawajawahi kuomba watu choo: vijiji vingine unakaa siku tatu unapata vikopo kumi, na viwili kati ya hivyo ni samadi ya mbuzi. Watu wana haya, tena wanaogopa uchawi. Lakini kijiji kile, kesho yake kabla ya adhuhuri, kapu lilikuja limejaa, vikopo vyote arobaini na viwili, vimefunikwa majani ya mgomba vizuri kama sahani ya harusi. Hapo ndipo ningepaswa kushangaa. Sikushangaa. Nilijisemea kwamba nina namna nzuri ya kuongea na watu.

Aliyelileta kapu alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Biti Makolela. Alikuwa Mngoni. Alifuata mume kwenye vita vya Wajerumani, mume akafia njiani, naye akabaki pale miaka yote, peke yake kwenye kibanda cha mwisho karibu na kisima. Wangoni na watu wa kijiji kile ni watani tangu vita vya mababu, na mtani mnamjua: anatukana asikasirikiwe, anazuia jeneza mpaka apewe kitu, na jambo la aibu ambalo ndugu hawawezi kuligusa, mtani ndiye analigusa. Alitua kapu mbele yangu akakaa chini akihema.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mume wangu. Wewe ndiye Bwana Choo?"

Baraza nzima ikacheka. Jina lile lilinifuata mpaka Lindi, na naambiwa bado lipo.

Nilipotazama orodha sikuona jina lake. Nikamwuliza Jumbe, "Huyu mama mbona hatukumwandika?" Jumbe akatazama pembeni. "Huyo mtani wetu, bwana. Si wa kuandikwa." Watu wakacheka tena, nikadhani ni utani, nikacheka nao.

Nilipima siku tatu. Kikopo cha kwanza: mayai ya safura, mengi ajabu, sijawahi kuona mengi kiasi kile. Ya mjeledi machache. Damu. Na yai moja kubwa lenye mwiba ubavuni, ambalo nilikuwa nimeliona tu kwenye daftari la Mzee Bonifasi. Nikaruka kwa furaha. Kikopo cha pili: safura nyingi, mjeledi, damu, yai lenye mwiba. Cha tatu vilevile. Cha kumi vilevile. Nilipofika cha ishirini nilikwisha tunga maelezo: kijiji kimoja, kisima kimoja, wadudu wamoja. Nikaona nimegundua jambo ambalo Mzee Bonifasi mwenyewe hakulijua. Ujana ni ugonjwa, na hauna kipimo.

Siku zote tatu Biti Makolela ndiye aliniletea maji ya kuoshea vioo. Kutoka kisimani mpaka barazani si mbali, ni kama kutoka hapa mpaka kwa jirani yangu wa nne. Yeye alipumzika mara tatu. Akifika anaketi, anapata pumzi, kisha anaanza.

"Bwana Choo, leo umemwona nani humo?"

"Naona minyoo, bibi."

"Ya Jumbe umeiona? Ina ndevu?"

Akiongea alikuwa anabandua udongo wa ukuta wa baraza, vipande vidogo, anatafuna polepole. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama unga wa muhogo. Uso umevimba. Midomo haina rangi. Kila dalili ya safura iliyomo vitabuni ilikuwa imeketi mbele yangu, kiasi cha kunyoosha mkono, inanitania, inaniletea maji. Mimi jicho lilikuwa kwenye kioo. Nilimwambia, "Bibi, sogea kidogo, unanizibia jua."

Nimeandika sentensi hiyo nikaiacha kalamu siku mbili.

Nilirudi Lindi kama bwana harusi. Daktari alisoma hesabu zangu, akanishika mkono, akapiga taipu ripoti yake usiku uleule, ikaenda Dar es Salaam kwa meli. Kijiji kizima kina safura kali, watu wote bila kubaki. Dawa ikaagizwa. Mzee Bonifasi alikuwa nyumbani bado na mguu wake, na mimi, kwa majivuno, sikumpelekea daftari mpaka wiki ya pili. Nilimkuta ameketi kwenye kitanda cha kamba mguu umeinuliwa juu ya gunia. Akafunua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akafunua mingi kwa pamoja. Akarudi mwanzo.

"Umepima watu wangapi?"

"Arobaini na wawili, Mzee."

"Umepima mmoja."

Sikuelewa. Akaniwekea kidole kwenye michoro yangu mwenyewe. "Wewe na ndugu yako, sinia moja, kitanda kimoja, hamkufanana. Watu arobaini na wawili wafanane? Waume kwa wake? Tazama yai hili la mwiba. Mimi tangu nianze kazi nimeliona mara mbili, na mara zote kwa watu waliotoka bara ya mbali kabisa. Maji ya huku hayana. Mtu mmoja amelileta tumboni kutoka mbali, naye ndiye kakujazia vikopo vyote." Akafunga daftari. "Tena huyo mtu ana hali mbaya. Mwenye safura kiasi hiki hana damu ya kumpandisha hata kilima. Ni nani?"

Nilimwona palepale. Viganja, udongo, kupumzika mara tatu. Nikamwambia, "Mzee, ni mwanamke aliyekuwa ananiletea maji." Nikakaa chini kwenye vumbi bila kukaribishwa.

"Sisemi umechora vibaya," akasema. Kisha kwa Kimatumbi akasema neno ambalo silijui maana yake, ila nalikumbuka sauti yake. "Umechora vizuri sana. Rudi kule."

Nilikwenda kwa Daktari nikamweleza yote. Nilitegemea kufukuzwa, na kusema kweli nilitaka kufukuzwa. Alisikiliza akigonga kalamu juu ya meza. Akasema ripoti imekwisha kwenda. Akasema dawa imefika, ninaweza kuipeleka mwenyewe, na kwamba watu wa kule huenda wote wana minyoo hata hivyo. Labda alisema kweli. Lakini labda si kipimo.

Safari hii nilitembea mbele ya wapagazi. Kwa jumla, tangu siku ya kapu, ulikuwa umepita zaidi ya mwezi. Jumbe Mpili alinipokea kwa furaha, akatandika mkeka. Sikukaa.

"Jumbe, vikopo alijaza nani?"

Akavua kofia akaishika. Hakukana. "Mtani," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Bwana, ulisema kapu moja. Choo changu kilale kwenye kapu moja na cha mama mkwe wangu? Mimi nikimwona njiani naingia porini apite. Na mkwe wangu, mume wa binti yangu, naye ulimwandika jina lake, na mama yake mkwe ni mke wangu. Kesho tungetazamana vipi? Watu wangehama." Alikuwa anaongea polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Tukakaa usiku ule, tukasema, jambo hili la mtani. Tukampelekea vikopo. Alicheka mpaka akalala chini. Tulimpa kuku na pishi ya mtama. Kwani tumemdhuru nini?"

"Ungeniambia tu nitenge makapu."

"Ungesikia? Ulikuja na barua ya serikali."

Nikamwambia, "Yule mama anakufa, Jumbe. Vikopo vyote vilisema anakufa, na mimi nikasoma majina yenu." Jumbe alikaa chini taratibu, mkono mmoja ukitafuta ukuta.

Tulimkuta kitandani, miguu imevimba, anavuta pumzi kwa bega. Alinitambua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umewarudia wapenzi wako wa kwenye vikopo?"

"Bibi, wote ni wewe."

"Ndiyo mimi," akasema. "Kijiji kizima ni mimi. Na kodi nilipe mimi?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, wanawake wakamwinua.

Sasa sikilizeni nilichokuwa nimebeba. Nilikuwa na dawa ya watu arobaini na wawili, ambao sikuwa nimempima hata mmoja wao. Na ilikuwa dawa kali ya siku zile, ya kuua minyoo na kuendesha tumbo. Mtu asiye na damu ingemmaliza yeye kabla ya minyoo. Ya kumpa yeye sikuwa nayo. Alihitaji hospitali, chakula, dawa ya kuongeza damu kwanza, taratibu, wiki kwa wiki. Kama ningemwona mwezi uliopita, alipokuwa bado anatembea! Nilisimama na sanduku la dawa mkononi nikaona aibu ambayo mtani yeyote asingeweza kunibebea.

Tukafunga machela kwa shuka na mti, tumpeleke hospitali ya Kivinje, iliyokuwa karibu kuliko Lindi. Jumbe Mpili alishika mti wa mbele mwenyewe. Mti wa nyuma akashika mume wa binti yake. Hapo nyuma wakaja wengine, na wanawake wakafuata na vibuyu vya uji, wakiwemo mama wakwe ambao siku zote hupita njia nyingine. Watu walioogopa kapu moja walikwenda nyuma ya machela moja, wakipokezana mti, hakuna aliyesema neno la mila. Yeye tu ndiye alisema.

"Leo mnanibeba kama bibi harusi. Mahari mmetoa?"

"Tutatoa, mtani," akasema Jumbe.

Siku ya tatu, mchana, tulimpumzisha kivulini kabla ya kuvuka kijito. Alikunywa uji vijiko viwili akakataa wa tatu. Akaniita kwa kidole.

"Kwenye karatasi zenu, umeniandikaje?"

"Sikukuandika, bibi."

"Hata kimoja? Vyote vile?"

"Hata kimoja. Vyote vina majina ya wengine."

Nilidhani atatania. "Haya basi," akasema, akageuza uso. Hakusema tena neno kwangu wala kwa mtu. Kabla ya alasiri alikuwa amekata roho.

Nililia. Nililia mbele ya wapagazi, mbele ya Jumbe, nimekaa juu ya sanduku la hadubini nililokuwa nimewakataza watu wasiliguse. Wanawake walimwosha kwa maji ya kile kijito, tukamzika ng'ambo yake mahali pa juu pasipofikiwa na mafuriko. Ulipofika wakati wa mtani kuzuia kaburi na kudai chake, kama desturi, watu walisubiri. Hapakuwa na mtani. Mtani alikuwa ndani ya sanda. Jumbe akaingia kaburini kumpokea, akasema bila kumtazama mtu, "Tulimpa aibu yetu atubebee, hatukumtazama kama ana nguvu." Nikamwambia, hata mimi, Jumbe.

Dawa nilikataa kuigawa. Tulirudi kijijini, na siku ya pili yake Jumbe akaja peke yake, kikopo kwenye mkono uliofunikwa na kitambaa, akanipa macho yakiwa chini. "Sasa tupime," akasema. Akafuata mwingine, kila mtu kwa wakati wake, kila mtu kwa mkono wake. Walimaliza siku nne kuja. Niliwapima wote arobaini na wawili, na hapakuwa na kurasa mbili zilizofanana. Wengine walikuwa na safura kidogo, wengine hawakuwa na kitu, mama mkwe wa Jumbe alikuwa na kijidudu ambacho sijakiona tena mpaka nastaafu. Yai la mwiba halikuwepo popote. Waliohitaji dawa nikawapa. Hesabu hizo mpya nilimpa Daktari, naye akaziweka kwenye jalada. Ripoti ya kwanza iliendelea kusafiri, na miaka mingi baadaye niliwasikia wageni wakiitaja kama kitu cha kweli.

Mengine ya kazini ni mengi na nitawasimulia mkija, mkija na sukari yenu: mwaka wa ndui, hadubini iliyoota ukungu kwenye kioo, bibi wa Kivinje aliyetaka kununua vijidudu vya mpinzani wake. Mzee Bonifasi alifariki na kuniachia daftari lake. Tangu safari ile, kila kikopo nilikifunga peke yake kwenye kifuko chake, na mtu yeyote aliyeingia maabara nilimfunua kope na kutazama viganja kabla sijagusa kioo. Mlikuwa mnanicheka kwa hilo. Najua, nilikuwa nawasikia.

Siku ya mwisho, kabla ya kurudisha funguo, nilitoa rejesta ya mwaka ule. Vipimo niliviacha vilivyo, kwa sababu vilichorwa vizuri. Majina niliyapiga mstari, na mbele ya kila namba, kuanzia moja mpaka arobaini na mbili, nikaandika kwa wino mwekundu: Biti Makolela. Nilipofika thelathini mkono uliuma, nikapumzika, nikaendelea.

Rejesta hiyo iko kabati la mwisho, rafu ya chini, chini ya vitabu vya kichocho. Mkiikuta msiseme mzee alikwisha changanyikiwa. Na akitokea mtu kuwauliza kwa nini mwanamke mmoja alipimwa mara arobaini na mbili, mwambieni hakupimwa hata mara moja.